Kipeperushi cha baridi yabisi kiandikwe pamoja na wanaoumwa

Vipeperushi vya magonjwa ya viungo nilivyowahi kupewa kliniki vinafanana mno. Juu kuna mchoro wa goti, chini yake "epuka kazi nzito", kisha "fanya mazoezi mepesi", kisha "tumia dawa kama ulivyoelekezwa". Hakuna uongo humo. Lakini mama anayeamka viungo vimekakamaa, na maji hayajachotwa, akimaliza kukisoma anabaki na swali lake lile lile: ndoo niibebe vipi?

Mimi mwenyewe ninaumwa baridi yabisi, na ninaamini kwa dhati kwamba mafunzo yanayotuhusu tuandae sisi na wataalamu kwa pamoja, tangu siku ya kuamua nini kiandikwe. Kuitwa mwishoni tuseme kama picha zinapendeza si kushirikishwa.

Chukua hiyo ndoo. Baridi yabisi haiishii vidoleni na magotini. Inaweza kulegeza pingili za juu za shingo, na mwenye shingo hiyo akijitwika mzigo kichwani anajiweka hatarini. Kipeperushi kilichotafsiriwa kutoka Ulaya kitamshauri anunue kifaa cha kufungulia chupa. Waite akina mama wachache wenye ugonjwa huu, ndoo itatajwa mapema kabisa, na baada yake kusonga ugali kwa kiganja kilichovimba, choo cha kuchuchumaa, kusujudu goti likiwa halikunjiki, kupanda daladala huku konda anakuhimiza. Hapo mtaalamu wa mazoezi ya viungo ana kazi ya kufanya: mpini wa mwiko uzungushiwe kitambaa uwe mnene, maji yaletwe kwa madumu madogo au kwa toroli. Maswali yanatoka kwetu, majibu anayapima yeye.

Kwenye dawa ndipo ninapopata wasiwasi zaidi. Methotreksati, dawa ambayo wengi wetu tunaanzishiwa, hutumiwa mara moja tu kwa wiki. Sisi tumezoea bahasha ya dawa iliyoandikwa kutwa mara tatu! Kuimeza kila siku kwa makosa kumeshaua watu katika nchi mbalimbali. Anayeitumia atakwambia kwamba "mara moja kwa wiki" peke yake haitoshi. Siku yenyewe itajwe, Ijumaa au Jumapili, kwa herufi kubwa. Dawa hiyo hiyo hudhuru mimba. Mwanamke anayeulizwa na mama mkwe kila mwezi kuhusu mjukuu anahitaji maneno ya kumjibu, na maneno hayo atayapata kwa mwenzake aliyekwisha kuulizwa.

Kuna ushahidi kwamba wagonjwa huona kisichoonwa na wengine. OMERACT ni jopo la kimataifa linaloshauri nini kipimwe katika tafiti za magonjwa ya viungo. Lilianza mwaka 1992, na mwaka 2002 likawakaribisha wagonjwa mkutanoni. Wakaeleza kwamba kinachowatesa si maumivu na uvimbe tu, bali pia uchovu, ule usioisha hata ukilala. Wataalamu hawakuwa wakiupa uzito. Kufikia 2007 makubaliano yalikuwa yamefikiwa kwamba uchovu upimwe katika tafiti za baridi yabisi. Huko Marekani, Kate Lorig wa Chuo Kikuu cha Stanford alianzisha mwishoni mwa miaka ya 1970 mafunzo ya wiki sita ya kujitunza, yakiongozwa na watu wa kawaida, wengi wao wakiwa wenyewe wanaumwa viungo. Yeye na wenzake waligundua kwamba nafuu haikuelezwa vizuri na wingi wa mazoezi ambayo mtu alifanya. Lililokuwa na uzito zaidi ni kujiamini kwake kwamba ugonjwa anaumudu. Na kujiamini huko unakuona kwa mtu anayeumwa kama wewe na bado anapika, anauza genge lake, analea.

Madaktari wana hofu moja ninayoielewa: mwingine atataka kuandika mizizi anayochemsha, mwingine vidonge vya mtaani. Ni kweli, na baadhi ya dawa zinazouzwa kama za asili zimekutwa zimechanganywa na steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe. Lakini watu wanazitumia tayari, na kipeperushi kinachozinyamazia kinawaacha na muuzaji peke yake. Acha zitajwe, mfamasia akiwapo aeleze madhara yake.

Ombi langu kwa hospitali na wizara ni la vitendo. Msiwachague wasomi pekee. Bibi asiyejua kusoma naye aje, na yatakayokubaliwa yarekodiwe kwa sauti yapite WhatsApp na redioni. Turudishiwe nauli na tulipwe posho kama wajumbe wengine. Kikao kiwe chumba cha chini, kisicho na ngazi, na kianze saa nane mchana, kwa sababu saa mbili asubuhi wengi wetu bado tunajaribu kufunga vifungo vya nguo.