Barafu ya Kibo inaliwa na nini?

Mwaka 2002 Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, alitoa utabiri uliozunguka dunia nzima: barafu ya Kibo, kilele cha juu cha Kilimanjaro, ingekwisha kati ya 2015 na 2020. Hakusema kwa kubahatisha. Miaka miwili kabla, yeye na wenzake walikuwa wametoboa barafu ya Kibo mahali sita na kuondoka na nguzo ndefu za barafu kwa ajili ya uchunguzi. Walipolinganisha picha za angani na ramani iliyotokana na upimaji wa 1912, walikuta kilomita za mraba 12 zimebaki takribani 2.6. Kufikia 2011, vipimo vya watafiti wengine vilionyesha hazifiki hata 2.

Muda aliouweka Thompson umepita na barafu haijakwisha yote. Kuna wanaolishika hilo kama ushahidi kwamba habari ya mabadiliko ya tabianchi ni porojo. Na kuna wanaharakati ambao hadi leo wakitaka kuonyesha dunia inavyopata joto, picha yao ya kwanza ni Kibo ya zamani yenye kofia nyeupe kando ya Kibo ya sasa. Kwa maoni yangu wote wameusoma mlima vibaya, ingawa makosa yao hayalingani uzito.

Hoja ya joto ina nguvu zake. Thompson alikadiria kwamba barafu ya chini kabisa ina umri wa miaka 11,700 hivi. Ndani yake kuna tabaka la vumbi la miaka kama 4,000 iliyopita, alama ya ukame mkali uliodumu kwa karne kadhaa. Barafu ilipita katika ukame huo ikabaki, sasa inatoweka. Tena, katika sentimita za juu za moja ya nguzo zile, viputo vya hewa vimevutika kwa namna inayoonyesha barafu iliyeyuka ikaganda upya, jambo ambalo halikuonekana kwingine kokote katika nguzo ile. Ukiongeza kwamba barafu za Mlima Kenya, Rwenzori na Andes zinarudi nyuma katika kipindi hicho hicho, ni vigumu kusema Kibo ina mkosi wake peke yake.

Upande wa pili, unaoona chanzo ni ukame kuliko joto, umeongozwa na watafiti Georg Kaser na Thomas Mölg wa Innsbruck, Austria, kwa msaada wa vipimo vya Douglas Hardy, Mmarekani aliyesimamia kituo cha hali ya hewa juu ya barafu yenyewe tangu 2000. Wanauliza swali moja gumu: barafu itayeyukaje mahali ambapo wastani wa joto ni nyuzi 7 chini ya sifuri? Jibu lao ni kwamba sehemu kubwa haiyeyuki. Inageuka mvuke moja kwa moja bila kupita kwenye maji, kwa nguvu ya jua kali na hewa kavu.

Ukisimama kando ya uwanja wa barafu wa kaskazini, hoja hiyo unaiona kwa macho. Barafu haijainama kama mteremko. Imesimama wima kama ukuta wa ngome, mahali pengine kwa urefu wa jengo la ghorofa kadhaa, na chini yake ni majivu meusi ya volkano, makavu. Kuta nyingi zimeelekea kaskazini au kusini, pande ambazo jua la ikweta huzipiga kwa zamu kadiri majira yanavyobadilika. Kama hewa ya joto ndiyo ingekuwa inaila barafu hii, kingo zake zingelainika na kuviringika. Na ukuta wa namna hiyo una tabia mbaya: unaweza kurudi nyuma tu, kamwe hauwezi kuota, kwa sababu theluji haishiki juu ya kitu kilichosimama wima.

Kuhusu umri, Kaser na wenzake walieleza mwaka 2010 kwamba barafu ya kilele ingeweza kuja na kuondoka mara kadhaa katika maelfu hayo ya miaka. Wakiwa sahihi, ile hoja ya kwamba ilivumilia ukame wa kale inapungua nguvu. Lakini silaha yao kubwa zaidi ni kalenda. Hans Meyer, aliyefika kileleni 1889, aliporudi 1898 aliona mwenyewe kwamba barafu imepungua. Wakati huo moshi wa viwanda ulikuwa haujaipasha dunia kiasi cha kueleza upungufu ule. Kilichobadilika ni unyevu: karibu na 1880 Ziwa Victoria lilishuka kutoka kimo cha juu, na maziwa mengine ya ukanda huu yalishuka pia. Mawingu yalipungua na theluji mpya ikawa haba. Barafu isiyopata theluji mpya huchakaa, hushika vumbi na kumeza jua badala ya kulirudisha angani.

Naukubali ushahidi huu. Nadhani mtu anayetumia Kibo kama kipimajoto cha dunia anatumia chombo kisicho chake, wakati jirani kuna bora zaidi. Barafu ya Lewis kwenye Mlima Kenya iko chini kwa karibu mita elfu moja, mahali ambapo kuyeyuka ni jambo la kawaida, na kati ya 1934 na 2010 ilipoteza asilimia 90 ya ujazo wake. Wanaomnukuu Kaser ili kukana ongezeko la joto, kwa upande wao, wanamwekea maneno mdomoni. Yeye na Philip Mote, mwanasayansi wa tabianchi wa Marekani, waliandika wazi mwaka 2007 kwamba dunia inapata joto; walichokataa ni kuufanya mlima huu mmoja kuwa shahidi wa kila kitu.

Lakini mjadala huu wa joto au ukame unasimama pale ambapo ungepaswa kuanza. Ukame wenyewe unatoka wapi? Theluji ya Kibo ni maji ya Bahari ya Hindi yaliyopandishwa na upepo. Bahari ya magharibi, upande wetu, ikipata joto kuliko ile ya upande wa Indonesia, vuli hunyesha kupita kiasi; mambo yakigeuka, vuli hukauka. Watafiti wa Japani na India waliueleza mzunguko huo mwaka 1999 na kuuita dipoli ya Bahari ya Hindi. Ndio uliotuletea mafuriko ya 2019 wakati Australia inaungua. Mvua za 1961, zilizofuatiwa na Ziwa Victoria kupanda zaidi ya mita mbili kwa miaka michache, nazo zinahusishwa na hali kama hiyo. Mölg na wenzake waliufuatilia unyevu wa Kibo wakaishia kwenye bahari hii hii.

Na bahari ndiyo iliyobeba mzigo: zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada linalonaswa na gesi ukaa na wenzake limeingia baharini, si hewani. Kwa hiyo kwa miaka ya karibuni, kusema "ni ukame, si joto" ni kutenganisha vitu ambavyo havitenganishwi tena. Kwa 1880 usemi huo unasimama. Kwa leo unayumba.

Hapa pia sipendi majibu ya haraka. Bahari yenye joto inatoa mvuke mwingi zaidi, na mifumo ya kompyuta ya wanasayansi kwa sehemu kubwa inatabiri Afrika Mashariki yenye mvua nyingi. Vuli inaelekea kukubali: tumeona 2019, tukaona tena 2023. Masika yamekwenda kinyume, yamepungua tangu miaka ya 1980, na kati ya mwisho wa 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo katika sehemu za Kenya, Somalia na Ethiopia. Maelezo moja yenye uzito ni kwamba joto la Pasifiki ya magharibi linavuta hewa ipande kule, nayo inashuka kwetu ikiwa kavu na kuzima mawingu. Mjadala huo haujafungwa, na mkulima wa mahindi anahitaji jibu lake kuliko jibu la barafu.

Nasema hivyo kwa sababu kuna dhana iliyozoeleka, hata kwenye hotuba, kwamba barafu ikiisha mito ya Kilimanjaro itakauka. Sivyo. Mchango wa barafu katika maji hayo ni mdogo sana. Mto Pangani na mifongo ya Wachaga, ile mifereji ya kale inayopeleka maji kwenye migomba na kahawa, hulishwa na mvua inayoangukia msitu na ukungu unaonaswa humo. Katika msitu wa juu matawi yamefunikwa na kuvumwani, ule uoto mdogo unaoshika kwenye magome. Ukungu ukipita hushika, hukusanyika, hudondoka chini tone kwa tone hata siku isiyo na mvua. Andreas Hemp, aliyeusoma uoto wa mlima huu kwa miongo, alionyesha kwamba moto umeushusha mpaka wa juu wa msitu na kwamba hasara ya maji hayo ya ukungu ni kubwa kuliko yote itakayoletwa na kuisha kwa barafu. Mioto ya Oktoba 2020 na Oktoba 2022 iliwaka katika ukanda huo huo wa juu, ambao ukame huufanya uwe kama kiberiti.

Wengine wamesema basi ni kukata miti ndiko kulikoua barafu. Mölg alilipima hilo mwaka 2012 na kukuta mchango wake ni mdogo. Msitu unastahili kulindwa kwa sababu ya maji ya Moshi, Hai na Rombo, hata kama hautarudisha theluji hata chembe.

UNESCO ilisema mwaka 2022 kwamba barafu za mwisho za Afrika huenda zikawa zimetoweka ifikapo 2050. Sioni njia ya kuiokoa hii ya Kibo. Kuta zile hazioti upya, hata vuli ikinyesha namna gani. Fedha za kuiomboleza zingefaa zaidi kununua vipima mvua na vipima ukungu vya kuweka msituni, na kuwalipa vijana wa Rongai na Marangu wanaopanda na majembe kuzima moto kabla haujavuka bonde.