Fosforasi ya majumbani na Ghuba ya Winam: tuanzie wapi?

Mwani unapochanua katika Ghuba ya Winam, mkono wa Ziwa Victoria upande wa Kenya, maji ya ufukweni Dunga, Kisumu, huwa kama rangi ya ukuta iliyomwagwa: ukichovya mkono, unautoa na utando wa kijani unaonata katikati ya vidole. Si uchafu wa kuudhi macho tu. Baadhi ya viumbe hao, hasa jamii ya Microcystis, hutoa sumu inayoshambulia ini, na kuyachemsha maji hakuiondoi. Ndiyo maana pendekezo la kuondoa fosforasi, kirutubisho kinachoulisha mwani, katika majitaka ya majumbani kabla hayajafika ziwani linastahili kupimwa kwa makini.

Wanaolitetea wana msingi imara. Mwaka 1973, nchini Kanada, mwanasayansi David Schindler na wenzake waligawanya kwa pazia ziwa dogo lililoitwa Ziwa 226. Upande mmoja ukatiwa kaboni na naitrojeni, wa pili ukatiwa hizo pamoja na fosforasi, na ni huo wa pili uliogeuka kijani. Baadhi ya jamii za mwani huivuta naitrojeni hewani zenyewe, lakini fosforasi haziwezi kuipata huko, kwa hiyo hiyo ndiyo inayoweza kubanwa. Kule Seattle, Marekani, majitaka yaliyokuwa yakimwagwa katika Ziwa Washington yalielekezwa kwingine kati ya 1963 na 1968, na baada ya miaka michache maji yakang'aa tena. Winam nayo ina kina kifupi na huchanganyika na ziwa kuu kupitia mlango mwembamba wa Rusinga, hivyo kinachoingizwa na mji hakitoki upesi. Tena binadamu mmoja hutoa takribani nusu kilo ya fosforasi kwa mwaka, nyingi ikiwa katika mkojo, na gramu 1 yaweza kulisha takribani gramu 100 za mwani ukipimwa mkavu.

Namna ya kuiondoa inajulikana. Aliyewahi kukoroga shabu katika ndoo ya maji ya mto ameona uchafu ukishikana mabonge na kuzama. Mtambo wa majitaka hutumia shabu au chumvi za chuma kuinasa fosforasi iliyoyeyuka ili ishuke pamoja na tope. Njia nyingine huwapitisha bakteria kwa zamu mahali pasipo hewa na penye hewa hadi waikusanye miilini mwao, nayo hudai umeme usiokatika na mafundi wa kuisimamia usiku na mchana. Mabwawa ya kutuamisha majitaka, kama yale ya Nyalenda mjini Kisumu, hupunguza vijidudu vizuri, lakini fosforasi nyingi hupita.

Wanaopinga nao hawabahatishi. Makadirio yaliyofanywa kwa Ziwa Victoria zima yanaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya fosforasi inayoingia hushuka na mvua na vumbi, huku mito kama Nyando ikileta udongo uliomomonyoka mashambani. Ziwa Erie, lililo mpakani mwa Marekani na Kanada, linatoa onyo zito zaidi: fosforasi ya majitaka yake ilipunguzwa sana tangu miaka ya 1970, lakini mwezi Agosti 2014 sumu ya mwani iliingia katika maji ya mji wa Toledo, na watu wapatao 400,000 wakazuiwa kuyanywa kwa siku kadhaa, chanzo kikuu kikiwa mbolea na samadi kutoka mashambani. Isitoshe, kaya nyingi za Kisumu hazijaunganishwa na bomba la majitaka. Zinatumia vyoo vya shimo, ambavyo mtambo, hata uwe wa kisasa kiasi gani, hauwezi kuvifikia.

Hata hivyo, naona hoja ya mvua na vumbi inapima ziwa zima, ilhali maji ya kunywa yanayosafishwa Dunga huvutwa ghubani. Fosforasi iliyogandamana na udongo haiko tayari yote kuliwa na mwani, lakini ile ya mkojo na sabuni imekwisha kuyeyuka. Kwa hiyo naunga mkono kuiondoa, ila sikubali tuanze kwa kununua shabu kila siku, kwa gharama itakayoishia kwenye bili ya mteja, wakati majitaka mengi hayakusanywi. Fedha za kwanza ziende kwenye mabomba na magari ya kunyonya vyoo. Fosfati, yaani chumvi za fosforasi, katika sabuni ya unga inaweza kuwekewa kikomo kwa sheria tu, kama Umoja wa Ulaya ulivyofanya kuanzia 2013.

Linaloniuma zaidi ni kwamba fosforasi ikishanaswa na shabu hushikwa kiasi cha kuwa vigumu kwa mmea kuipata. Mkojo uliotenganishwa chooni na kuhifadhiwa vizuri, au tope lililotibiwa vijidudu, vingeweza kuirudisha shambani. Panda barabara kutoka ziwani kuelekea Siaya au Vihiga, uchungulie mahindi machanga: majani yake yana kingo za zambarau, kwa sababu udongo umepungukiwa na fosforasi ileile tunayoimwaga Winam.