Mwayo wa Laki Saba

Kikao cha harusi ya mtoto wa kaka yangu kilipangwa saa kumi jioni, maana yake kilianza saa moja usiku. Ukumbi wa baa moja hapa Dar, viti vya plastiki, soda moja kila kichwa. Mweka hazina akaanza kusoma ahadi za wajumbe, jina kwa jina, kwa sauti ya mtu anayesoma mirathi.

Mimi ndiye baba mdogo, kwa hiyo nimewekwa meza ya mbele, ambako huwezi kusinzia kwa siri. Nikapiga mwayo. Ule wa kutoka tumboni, machozi yanalengalenga, masikio yanaziba. Mbele ya masikio pakalia "ko!" pande zote mbili, na mdomo ukagoma kurudi.

Navuta taya juu, wapi. Nasukuma kwa kiganja, maumivu yakanipanda hadi utosini.

"Baba mdogo, tunakusikiliza," mwenyekiti akasema. "Ahadi yako?"

Nilitaka kusema, "Jamani, taya!" Hebu jaribu kulitamka hilo bila midomo kukutana wala ulimi kugusa meno. Kilichotoka ni: "A-a-i, a-a!"

"Laki saba!" katibu akadaka, na akina mama wakapiga vigelegele.

Nikatikisa kichwa kukataa. Mate yakaanza kuchuruzika hadi kwenye shati, kwa sababu mdomo ukiwa wazi hata kumeza ni kazi. Mke wangu ndiye wa kwanza kushtuka. Akasimama: "Baba Neema hawezi kuahidi laki saba akiwa mzima. Huyu anaumwa!"

Hapo kila mtu akawa daktari. Mzee mmoja akasema nimepigwa upepo mbaya. Shemeji akapiga kelele kuwa ni kiharusi, niambiwe niinue mikono yote miwili. Kipimo hicho si cha kubeza, maana mwenye kiharusi mara nyingi mkono mmoja hushuka. Nikainua yote, juu kabisa, ili wajue niko sawa.

"Kathibitisha!" katibu akaandika.

Njemba moja ikakunja mikono ya shati ili inifunge mdomo kwa ngumi ya chini ya kidevu. Aliyeniokoa ni binti mmoja muuguzi, upande wa bibi harusi. "Usimguse! Hilo taya limeteguka, ukilisukuma juu unamuumiza zaidi." Akagusa mbele ya sikio langu, akawaonyesha kishimo mahali ambapo kichwa cha taya hukaa. Kidevu kilikuwa kimechomoza mbele, kimenyooka, akasema basi pande zote zimetoka. Ingekuwa upande mmoja kingekwenda kombo. Akampa mke wangu khanga anishikilie kidevu, akasema hospitali, sasa hivi, kadiri unavyochelewa misuli inazidi kukaza.

Kwenye bajaji dereva akaniangalia kwenye kioo. "Mzee leo una furaha!"

Daktari aliuliza kwanza kama nimeanguka au nimepigwa, maana hapo angetaka picha ya eksirei ahakikishe mfupa haujavunjika. Mke akajibu: "Amepiga mwayo tu." Daktari akageukia ukutani kidogo. Mabega yake niliyaona yakitikisika.

Kisha akanikalisha kwenye kiti kifupi, kichwa kimeegemea ukuta, akaanza kuzungushia vidole gumba vyake bandeji, raundi baada ya raundi. Nikamuuliza kwa macho. "Taya likirudi linafunga kwa nguvu," akasema, "na vidole hivi bado navihitaji." Akavitia mdomoni, juu ya magego ya chini, akakandamiza chini, chini, chini zaidi, halafu akasukuma nyuma. Ko! Meno yakakutana. Neno langu la kwanza lilikuwa tusi, nikaomba radhi.

Akanifunga bandeji kutoka chini ya kidevu hadi utosini. Nile uji, mtori na vitu laini kwa muda, nisipanue mdomo, na mwayo ukija nizuie kidevu kwa ngumi, kwa sababu taya likishateguka mara moja hurudia kirahisi. Nilimwelewa. Ila bandeji ile, nyie, ndivyo maiti anavyofungwa taya. Shangazi alifungua mlango, akaniona nimesimama gizani na fundo utosini, akaniangushia mlango usoni na kuanza kuwaita majirani.

Kuhusu ahadi, nimejitetea kwenye grupu la kamati, nimetuma hadi picha ya cheti cha hospitali. Katibu akajibu kwa sauti aliyorekodi kikaoni. Nimeisikiliza mwenyewe, na kwa haki ya Mungu inasikika "laki saba".

Nimeshatoa laki mbili. Mweka hazina ananipigia kila Ijumaa, na sasa ile sauti ameifanya mlio wa simu yake ninapompigia mimi.