Plastiki ikioza, umeme unaona nini?

Anayetaka kujua kama plastiki inaoza kweli, kwa njia ya zamani, hukata kipande, hukipima uzito, hukifukia kwenye mboji, kisha baada ya wiki kadhaa hukifukua, hukiosha, hukikausha na kukirudisha kwenye mizani. Kiwango cha Ulaya, EN 13432, kinaangalia kaboni dayoksaidi, gesi ambayo vijidudu huitoa vikila plastiki: itoke asilimia 90 ya ile inayotarajiwa, ndani ya miezi 6. Hiyo ni subira ya mkulima, na maabara nyingi hazina.

Ndiyo maana vihisi vya umeme vinapendwa. Utando mwembamba wa polima, yaani minyororo mirefu ya molekuli inayounda plastiki, hupakwa juu ya elektrodi mbili zilizoingiliana kama meno ya vitana, halafu kitu kizima kinatumbukizwa kwenye maji yenye vimeng'enya vya kukata minyororo hiyo. Utando ukiwa mzima huzuia umeme. Ukianza kutoboka, maji na chumvi hupenya, ukinzani unashuka na uwezo wa kuhifadhi chaji unapanda, nawe unasoma yote dakika kwa dakika bila kugusa sampuli.

Watetezi wake wana hoja nzito. Mizani ni kipofu mwanzoni: PLA, polima ya asidi ya laktiki, minyororo yake hukatika kwa muda mrefu kabla uzito haujapungua. Tena mizani hudanganyika, kwa sababu punje zilizomeguka na kusombwa na maji ya kuoshea huhesabiwa kuwa zimeoza, ilhali zimekuwa plastiki ndogo tu.

Tatizo ni maji yenyewe. Kipimo cha dayalektriki, kinachoonyesha jinsi kitu kinavyosaidia kuhifadhi chaji, kwa maji ni karibu 80, kwa polima nyingi ni 2 hadi 4. Utando ukinywa maji kidogo tu, kabla hata mnyororo mmoja haujakatika, kihisi kinapiga kelele. Kuvimba na kuoza vinaonekana karibu sawa kwenye grafu, na kuvitenganisha kunahitaji masafa (frikwensi) mengi ya mkondo wa umeme na mfano wa hesabu ambao mtafiti huuchagua mwenyewe (hapo ndipo mimi huanza kusoma kwa makini). Na maji yakishafika kwenye elektrodi, kihisi hakina zaidi cha kusema. Kama mabaki yameliwa na vijidudu au yanaelea, jibu liko kwenye kaboni dayoksaidi.

Kuna na suala la unene. Ndani ya kipande kinene cha PLA asidi hunaswa na kuharakisha kuoza kwa kiini; kwenye utando mwembamba asidi hutoroka. Kwa hiyo utando si kikombe kilichopunguzwa unene.

Kwa kulinganisha michanganyiko kumi ya plastiki na kuchagua miwili ya kupeleka kwenye mboji, ningekitumia kihisi bila kusita. Kwa kuandika "inaoza" kwenye kifungashio, hapana. Mtu akinionyesha ukinzani ulioporomoka kwa siku chache, nitamuuliza kwanza joto la maji lilikuwa ngapi, maana PLA hulegea karibu na nyuzi 60 za Selsiasi, na baharini hakuna joto hilo.