Kamba zangu nazipima nikiwa majini

Mashua yangu ndogo ya tanga ilikuwa imepinduka. Mara ya tatu niliposimama juu ya ubao wa kati, ule unaoshuka majini kupitia katikati ya mashua, miguu ilikuwa inatetemeka na tanga lilikuwa linajinyanyua majini polepole kama shuka lililolowa. Likatoka, likajaa upepo papo hapo, chombo kikachomoka mbele na kulala tena kabla sijaingiza hata mguu wa pili. Nikabaki naelea, demani, kamba ya kuvutia na kulegezea tanga, imenizunguka goti, najiuliza ni kosa gani hili ninalolirudia. Kosa lenyewe lilikuwa shubiri chache tu kutoka usoni pangu: vangi, ile kamba inayouzuia mti wa chini wa tanga usipande juu. Asubuhi niliikaza kwa nguvu zangu zote kwa sababu nimesikia wenye kasi ndivyo wafanyavyo.

Tangu siku hiyo nina msimamo ambao wenzangu wanaucheka. Ukibadilisha chochote kwenye chombo cha mtu mmoja, iwe kapi, fundo au kamba nyembamba zaidi, usikihukumu ukiwa umekaa ukingoni na tanga limesimama vizuri. Kihukumu ukiwa majini, chombo tumbo juu, vidole vimekufa ganzi. Nasisitiza cha mtu mmoja. Kwenye chombo cha wawili kuna wa kupanda ubaoni na wa kulegeza kamba. Huku, nahodha ndiye baharia, na ndiye anayemeza maji.

Mimi naendesha Laser, ambayo tangu 2019 mashindanoni huitwa ILCA, kifupi cha jina la chama chake cha kimataifa. Ni kazi ya Bruce Kirby, Mkanada, na iliingia sokoni mwaka 1971. Chombo chenyewe ni sahili mno: urefu wa mita 4.2 na ushei, uzito wa kilo 59 hivi bila vifaa, tanga moja lenye mfuko unaovikwa mlingoti kama soksi. Ganda ni lilelile kwa wote, ila tanga na kipande cha chini cha mlingoti hubadilika: mita za mraba 4.7 kwa wepesi, 5.76 kwa wa kati, 7.06 kwa wazito. Kwa kuwa sheria zake hazimruhusu mtu kubadilisha mengi, yale machache yanayoruhusiwa watu huyazungumzia kama waganga wanavyozungumzia mizizi. Kapi ngapi kwenye vangi, kamba ya aina gani kwenye tundu la Cunningham. (Huyo ni Briggs Cunningham, aliyekuwa nahodha wa mashua Columbia iliposhinda kombe la America's Cup mwaka 1958. Leo tunamkumbuka kwa kitundu cha kuvutia tanga chini.) Ni nadra kumsikia mtu akijisifia kamba ya mpira inayoshika ubao wake.

Basi tuanze na hiyo. Ubao wa kati hupenya katika uwazi wake kutoka juu, uzito wake huushusha, na mpini wake huuzuia usidondokee chini. Pindua chombo, mambo hugeuka: sasa uzito unauvuta utoke kupitia sitahani. Usipofungwa utateleza, na ukiteleza huna pa kusimama wala pa kushika. Nimewahi kukaa juu ya tumbo la chombo nikitafuta kwa ncha za vidole ule mwanya uliobaki, na ubao umezama humo kiasi kwamba kilichochomoza hakizidi upana wa kiganja. Ilinibidi nipige mbizi chini ya sitaha, niusukume kwenda juu, kisha nitoke mbio kuushika kabla haujarudi. Nilifanya hivyo mara mbili. Kipande cha mpira kutoka kwenye ubao hadi kwenye pete ya omo, yaani mbele ya chombo, kingenipunguzia yote hayo. Ukaze mpira kiasi cha kuushikilia ubao popote unapouacha, hata ukiwa nusu juu.

Mlingoti nao una hila yake. Laser haina kamba za kuushikilia mlingoti kutoka juu. Umesimama ndani ya tundu tu, na chombo kikigeuka kabisa unaweza kuchomoka na kuondoka na tanga lake. Ndiyo maana sheria zinataka ufungwe. Watu hufunga, lakini wengi hufunga kamba ndefu inayoning'inia, eti imo. Kamba iliyolegea namna hiyo huuacha mlingoti utoke kabisa kwanza, ndipo iukamate. Ifupishe. Na ukiwa hapo, utikise mlingoti ukiwa bado nchi kavu, usikilize. Ukisikia maji yakicheza ndani, vizibo vya ncha vinavuja. Mlingoti uliojaa hewa hujitahidi kuelea na kukupa muda kabla chombo hakijageuka tumbo juu. Uliojaa maji unakwenda chini moja kwa moja, na kuunyanyua ni kunyanyua ndoo iliyo mwisho wa fimbo ndefu. Kwa maoni yangu, hakuna marekebisho ya bei nafuu yenye faida kubwa kuliko kuziba ncha hizo vizuri.

Turudi kwenye vangi, maana ndiyo iliyonifanya niandike. Tabu ya kamba hii ni kwamba inakupindua pande zote mbili. Ukienda na upepo wa tezi, unaotoka nyuma, na vangi imelegea mno, sehemu ya juu ya tanga hujipinda ikapita mbele ya mlingoti na kuanza kusukuma kuelekea joshini, upande unakotoka upepo. Chombo kinayumba, kinayumba tena zaidi, mara ya tatu kinakulalia kichwani. (Dawa, kama bado unayo sekunde, ni kuvuta demani na kupeleka omo kidogo kuelekea upepo, na ubao usiwe umeupandisha wote.) Ukiikaza mno upepo ukiwa wa ubavuni, mti wa chini haupandi. Chombo kikiinama kidogo, ncha yake inagusa maji, tanga haliwezi tena kuachiwa, na umekwenda upande wa pili. Kwa hiyo hakuna mkazo mmoja ulio salama, na anayekuambia "weka hapa uache" hajakuonea huruma.

Lakini ukishapinduka, jibu ni moja tu: ilegeze. Vangi iliyokazwa hulifanya tanga kuwa ubao. Linapotoka majini haliwezi kujipinda na kumwaga upepo, linashika wote, na chombo kinaondoka au kinalala tena. Ilegeze, achia na demani, ndipo upande. Na hapa ndipo marekebisho yanapopata maana. Vangi yangu ya zamani ilikuwa na kapi nyingi na nguvu ya ajabu, ila mwisho wa kamba uliishia kwenye fundo dogo karibu na mlingoti, ambalo chombo kikilala huwa chini ya maji, ndani ya kivuli cha tanga. Sasa mwisho huo ni mrefu, una kitanzi kinachoingia vidole vinne, na rangi yake haifanani na kamba nyingine yoyote. Naupata kwa kupapasa. Kwenye maji baridi hili si anasa. Dakika ya kwanza huna pumzi, unahema tu, na baada ya dakika kama 10 vidole haviwezi tena kufungua fundo. Fundo lolote linalohitaji kucha basi nimelitoa chomboni.

Demani nayo, mwisho wake niufunge wapi? Wengine huuacha huru na fundo lenye umbo la 8 tu. Mimi naufunga kwenye shina la mkanda wa miguu, ule wa kuingizia miguu ninapojinyoosha nje. Chombo kikigeuka, demani iliyo huru hutoka yote nje, ikaelea, ikatafuta miguu yako na usukani. Iliyofungwa pia hutapakaa, lakini haiendi mbali. Na vile vibano vya pembeni vya kuikamatia demani ili mkono upumzike, sivitaki kabisa. Najua vinaruhusiwa, najua mkono unachoka. Demani iliyobanwa wakati upepo unapopiga kwa ghafla ndiyo inayokupeleka majini, na ikiwa bado imebanwa ndiyo inayokuzuia usirudi.

Kuhusu kuinua chenyewe, sitachukua muda mwingi. Simama karibu na ganda, usisimame nchani mwa ubao, maana ubao huvunjika na ukivunjika siku imekwisha. Kikiwa tumbo juu, shika ubao, egemea nyuma, ngoja. Ngoja kweli. Maji yanashikilia tanga kama mkono, hayaachii kwa kuyatingisha, yanaachia kwa uzito uliotulia. Wenye miili mizito huwa na haraka hapa na ndio wanaochoka kwanza. Ukijikuta chini ya tanga, lisukume juu kwa kiganja upate nafasi ya hewa, kisha fuata mshono mmoja bila kuuacha mpaka ukingoni.

Kinachowashinda wengi ni kupinduka kuelekea joshini, kama nilivyopinduka mimi siku ile. Tanga limelala upande unakotoka upepo, wewe uko upande wa pili. Ukiinua tu, upepo unaingia chini ya tanga na kulirusha juu yako. Ama usubiri chombo kijizungushe mpaka omo ielekee upepo, ama ufanye jambo linaloonekana la kichaa: ukumbatie ubao usiuachie, chombo kikirushwa upande wa pili uende nao chini ya maji, uibuke ukiwa tayari upande sahihi. Mara ya kwanza nilifumba macho. Mara ya pili niliyafungua nikaona mti wa chini ukipita juu yangu, mweusi, na mapovu yanaufuata. Fanya mazoezi upepo ukiwa mwanana, ukiwa umevaa jaketi lako la uokozi, na mwenzako yuko karibu kwenye boti.

Ninachokiri hadharani ni kwamba kona za tezi bado zinanishinda. Tanga linapovuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili, tezi ikiwa imeelekea upepo, demani hushuka kwa uvivu na kunasa kwenye kona ya nyuma. Nimeikaza kamba inayopita juu ya kana, mpini wa usukani, mpaka inalia kama uzi wa gambusi. Nimejifunza kuitikisa demani mara moja kwa nguvu, wakati uleule mti wa chini unapovuka. Mara tisa inapita. Jumamosi iliyopita nilifika kwenye ile ya kumi: demani ikanasa, nikageuka nyuma kuitoa, nikasahau kana, na kabla sijamaliza kutukana nilikuwa nimekaa juu ya ukingo, mguu mmoja tayari ubaoni, mkono ukitafuta kile kitanzi cha vangi. Nywele hazikulowa.