Dawa ya kuzindua aliyelewa bangi: tumtengenezee nani?

Aliyezidisha heroini hupewa naloksoni, na ndani ya dakika chache huanza kupumua vizuri. Aliyezidiwa na bangi hana dawa ya namna hiyo. Hospitali humweka mahali patulivu, humpa diazepamu akiwa na hofu kali, au haloperidoli akianza kusikia sauti zisizokuwepo. Kisha ni kusubiri imtoke.

Kwa mtu mzima, kusubiri mara nyingi kunatosha. THC, kilevi cha bangi, hushika vipokezi vya ubongo viitwavyo CB1, na hivyo ni vichache sana pale panapoongoza upumuaji. Mwenye ugonjwa wa moyo ana hatari yake, lakini wengi huamka salama.

Watoto ndio wanaonifanya nitamani dawa hiyo. Marekani, ambako majimbo mengi yanaruhusu kuuza peremende na biskuti zenye bangi, taarifa za watoto wa chini ya miaka 6 waliokula vitu hivyo zilipanda kutoka 207 mwaka 2017 hadi 3,054 mwaka 2021. Mtoto wa miaka miwili haachi baada ya peremende moja. Hulegea, husinzia, na wengine hupoteza fahamu hadi wakawekewa mashine ya kupumulia. Mzazi asiposema ukweli, madaktari humpiga mtoto picha za kichwa na kumchoma sindano ya mgongoni wakitafuta homa ya uti wa mgongo. Huku kwetu Tanzania, ambako bangi ni haramu, hofu ya polisi inaweza kumfunga mzazi mdomo, akabaki nyumbani akimnywesha mtoto maziwa. Maziwa hayatoi bangi mwilini, na kwa mtoto aliyelegea yanaweza kuingia mapafuni.

Dawa ya kumzindua aliyelewa bangi ingeziba CB1 ili THC isivishike. Wanaoipinga hukumbusha rimonabanti, dawa nyingine ya kuziba CB1, iliyoruhusiwa Ulaya mwaka 2006 kwa kupunguza unene, kisha mauzo yake yakasimamishwa mwaka 2008 kwa sababu ya sonona na mawazo ya kujiua. Hofu hiyo ni ya haki. Ila waliotumia rimonabanti waliimeza kila siku, kwa miezi. Dozi moja wodini ni jambo jingine.

Hoja yao nyingine ni nzito zaidi. Selonabanti, dawa ya kuziba CB1 ya kampuni ya Anebulo ya Marekani, ilijaribiwa Uholanzi kwa watu wazima wenye afya waliopewa THC kwa makusudi, na ulevi ukapungua. Mtoto huwezi kumlewesha ili umjaribie dawa. Ushahidi wake utabidi utoke kwa watoto waliofikishwa hospitali tayari wamelewa, mmoja mmoja, kwa idhini ya wazazi waliochanganyikiwa.

Hata hivyo naona ijaribiwe: kama sindano, kwa watoto, mikononi mwa daktari. Isiishie duka la dawa, ikawa kidonge cha mtu mzima anayetaka ulevi umtoke upesi ashike usukani.