Eti Mimi Ndiye Seva

Mdosi alisema vizuri sana: mafuriko yakifunga barabara, kila mtu afanyie kazi nyumbani. Hajui nyumbani kwangu Githurai ni wapi. Programu yangu ya kuchora ramani za mabomba iko kwenye mashine ya Linux kule Upper Hill, na mashine yenyewe haina hata skrini. Eti niingie kwa ssh -X, amri ya kuingilia mashine ya mbali, halafu dirisha lije lenyewe mpaka kwenye laptop yangu.

Kilichokuja ni "cannot open display". Basi, kama karani wa kaunta anayekwambia mfumo umelala bila kuinua kichwa.

Nikampigia kijana wa kompyuta. "Mzee, kwanza uelewe: wewe ndiye seva." Mimi? Laptop iliyovunjika bawaba, inayosimama kwa kuegemea mtungi wa gesi, ndiyo seva. Na lile dubwana la Upper Hill lenye kiyoyozi chake ndilo mteja! Akasema ndivyo X, mfumo wa kuchora madirisha kwenye Linux, ulivyo tangu ulipozaliwa kule MIT mwaka 1984: mwenye skrini na kibodi ndiye anayehudumia, programu ndiyo inayoomba kuchorewa. Sawa. Sasa mbona mshahara haujafuata mpangilio huo?

"Andika echo $DISPLAY." Nikaandika, kuiuliza mashine skrini yake ni ipi. Kimya. "Aa, X11Forwarding, ruhusa ya kupitisha madirisha, iko no." Nani aliiweka no? "Usalama, mzee." Akaibadilisha, akaiwasha upya sshd, ile inayopokea ssh kule, nikatoka nikaingia tena. Nikauliza tena, ikajibu localhost:10.0, yaani skrini imepatikana. Nilishangilia mpaka Mama Shiku akauliza nani kafunga bao.

Hakuna bao. Sasa dirisha lilikataliwa kwa kukosa tiketi. Tiketi yenyewe inaitwa MIT-MAGIC-COOKIE-1, jina ambalo hata mganga angeona amezidisha, na xauth ndiyo huiandika kwenye faili ya .Xauthority. Kijana akasema nijaribu kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya root, mkuu wa mashine. Wapi! Root ana makao yake na faili yake, tiketi yangu anaijulia wapi? Mwingine huko nyuma ya simu akapaza sauti: "Mwambie apige xhost +!" Yaani kila anayeweza kuifikia skrini yangu aruhusiwe, asome hata ninachoandika. Bwana, mimi naishi Githurai, mlango wangu una kufuli mbili. Nikakataa.

Ndipo mtu akakumbuka kuangalia diski. Asilimia 100! Kuna mwenzetu amejaza /home kwa video za ruracio, sherehe ya mahari, ya binamu yake, zote, pamoja na hotuba za wazee. Tiketi ya baiti chache imekosa pa kuandikwa kwa sababu mbuzi wanahesabiwa.

Video zikahamishwa. Ramani ikafunguka, lakini kila ukibonyeza, ombi linakwenda Upper Hill na kurudi, na bando langu la jioni unalijua. Menyu inashuka kipande kipande, unaweza kumenya viazi ukisubiri neno "Hifadhi" lionekane.

"Labda ni hiyo programu ni nzito," kijana akasema. "Jaribu xeyes." Ikafunguka upesi: macho mawili makubwa, yanafuata mshale kila unakokwenda. Mama Shiku akapita na sufuria ya sukuma, akasimama.

"Baba Shiku, tangu asubuhi, hayo macho ndiyo kazi?"

Nikamwambia ni ya mdosi.